Jinsi ya Kugawana Masafa Mamoja kwa Redio Kadhaa Zinazoendeshwa kwa Programu

Tuchukue vituo vinne vya kupimia mvua na volteji ya umeme: kimoja Kampemba, kimoja Ruashi, kimoja katika komini ya Annexe na cha nne Kipushi, yapata kilomita 30 kutoka Lubumbashi mjini. Vyote vinatakiwa kutuma taarifa zao kwa kipokezi kimoja kilichoko katikati ya mji, na kila kimoja kina redio inayoendeshwa kwa programu, yaani redio ambayo kazi ya kutengeneza na kusoma mawimbi hufanywa na kompyuta badala ya saketi zilizofungwa kiwandani. Wengi wanaopewa kazi ya namna hii huanza kwa kutafuta masafa manne. Hayahitajiki manne, mamoja yanatosha, ilimradi vituo visiseme kwa wakati mmoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvifanya visigongane, na msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya saa, wala si ya antena au ya programu ya kutengeneza mawimbi.

Kabla ya yote, ruhusa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo masafa hutolewa na kusimamiwa na ARPTC, mamlaka ya kudhibiti posta na mawasiliano, na mawasiliano ya aina hii yamo chini ya Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Katika hesabu zitakazofuata nitatumia 433.92 MHz kwa kuwa ni namba inayojulikana kwa wengi wanaochezea redio, lakini kuitumia hapa katika mfano si sawa na kuruhusiwa kuirusha hewani. Redio hizi zina hatari moja ambayo redio ya kawaida haina: hufika karibu kila mahali. HackRF One, kwa mfano, huenda kutoka 1 MHz hadi 6 GHz, na bila kichujio huacha mawimbi ya ziada yaliyo mara tatu na mara tano ya masafa uliyochagua. Ukirusha 40 MHz bila kuchuja, mara tatu yake ni 120 MHz, na hapo umeingia katika masafa ambayo marubani huzungumza na mnara wa uwanja wa ndege wa Luano. Kwa hiyo kila kituo kiwe na kichujio kinachopitisha masafa yake tu, na majaribio yote ya mwanzo yafanyike kwa waya, bila antena hata moja.

Kwa nini zamu

Zipo njia kadhaa za kugawana masafa, na inafaa kuzijua kabla ya kuziacha. Iliyo rahisi kupita zote ni kila kituo kutuma kinapotaka na kurudia kisipojibiwa. Ndivyo ulivyofanya mtandao wa ALOHA, ambao Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliuwasha mwaka 1971 ili kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali. Hesabu yake inajulikana: vituo vikiwa vingi, njia hiyo hutumia vizuri asilimia 18.4 tu ya muda wa masafa, na hata vikilazimishwa kuanza kutuma kwenye mipaka ya vipindi vilivyopangwa, haizidi asilimia 36.8. Kwa vituo vinne vinavyotuma sentensi moja kila baada ya saa, njia hiyo inatosha kabisa, na mwenye mahitaji hayo anaweza kuacha kusoma hapa.

Njia ya pili ni kusikiliza kwanza, kisha kusema masafa yakiwa kimya. Kwa redio za programu njia hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Sampuli zinazopokelewa, yaani namba zinazowakilisha wimbi, hupita kwenye bafa (hifadhi ya muda), kwenye waya wa USB na kwenye mfumo wa kompyuta kabla programu haijazisoma, na zinazotumwa hupita njia hiyohiyo kurudi. Kati ya kusikia kimya na kuanza kurusha huweza kupita milisekunde kadhaa, muda unaotosha kabisa kwa kituo kingine kuwa kimeshaanza. Tena yapo maumbile ya mahali. Kituo cha Kipushi na kile cha Ruashi vinaweza vyote viwili kusikika mjini huku vyenyewe havisikiani, kwa umbali au kwa sababu ya kitu kikubwa kama terili (kilima cha mabaki ya mgodi) ya kampuni ya Gécamines kilichosimama katikati. Kila kimoja kitasikiliza, kitaona kimya, na vyote viwili vitarusha pamoja.

Njia ya tatu ni kukipa kila kituo msimbo wake na kuviacha vyote viseme kwa pamoja. Setilaiti za GPS hufanya hivyo: zote hutuma kwenye 1575.42 MHz, kila moja ikiwa na msimbo wake wa hatua 1,023, na kipokezi huzitenganisha kwa kutumia misimbo hiyo. Lakini setilaiti hizo zote ziko mbali, kwa hiyo nguvu zao hufika chini zikiwa zinakaribiana. Vituo vyetu sivyo. Kituo kilicho kilomita 1 kutoka kwa kipokezi na kingine kilicho kilomita 30, vikirusha kwa nguvu sawa mahali peupe, hutofautiana kwa desibeli 29.5 vinapofika, yaani nguvu mara 900 hivi, huku msimbo wa hatua 1,023 ukiongeza desibeli 30 hivi tu. Faida yote ya msimbo imemezwa na jirani mmoja mwenye sauti kubwa. Inawezekana kudhibiti nguvu za kila kituo kila wakati, lakini hiyo ni kazi nzito kuliko tatizo lenyewe.

Inabaki zamu: kila kituo kina kipande chake cha muda, husema ndani yake, kisha hunyamaza. Simu za GSM zimeishi hivyo tangu mwanzo, zikigawa kila mzunguko wa milisekunde 4.615 katika zamu nane za mikrosekunde 577. Meli hutangaza mahali zilipo kwa mfumo wa AIS, ambao hukata kila dakika katika zamu 2,250 kwenye 161.975 na 162.025 MHz, na redio za mkononi za DMR hupitisha mazungumzo mawili katika chaneli moja ya 12.5 kHz kwa zamu za milisekunde 30. Kwa vituo vinavyotuma mara kwa mara na ambavyo idadi yake inajulikana, sioni njia inayoishinda hii.

Vifaa, na hasa saa

Kosa linaloweza kuharibu mradi mzima hufanyika dukani. Kwa zamu fupi, redio inayohitajika ni ile inayoweza kupokea sampuli pamoja na muhuri wa saa, yaani agizo linalosema "sampuli hii ya kwanza itoke kwenye antena wakati huu kamili", na kulitekeleza ndani ya redio yenyewe bila kutegemea wepesi wa kompyuta. USRP B210 hufanya hivyo, na ina tundu la kuingizia 10 MHz ya rejea, yaani wimbi la kusawazishia masafa, na jingine la mpigo wa sekunde, yaani ishara inayotolewa mwanzoni mwa kila sekunde. LimeSDR nayo hupokea sampuli zenye muhuri wa saa, ingawa kuifunga kwenye mpigo wa GPS kunadai kazi ya ziada. HackRF One haina muhuri huo katika utumaji wake wa kawaida, wala ADALM-Pluto jinsi inavyotoka kiwandani. Nitaendelea kwa kufuata B210 na programu ya GNU Radio, kwa kuwa hapo kila hatua ina kipengele chake tayari.

Mwenye redio zisizo na muhuri wa saa asizitupe. Kompyuta zikisawazishwa saa kwa NTP, utaratibu wa kuulizia saa mtandaoni, kupitia intaneti ya simu, tofauti za saa kati yake zinaweza kufikia milisekunde kadhaa au makumi. Ukijumlisha ucheleweshaji wa USB na wa mfumo wa kompyuta, zamu ya milisekunde 250 iliyoachiwa milisekunde 50 hadi 100 za kimya bado inaweza kufanya kazi. Ni ubadhirifu wa masafa, lakini kwa vituo vinne ni ubadhirifu unaovumilika. Hauvumiliki pale vituo vinapofika ishirini.

Sasa saa yenyewe. Kila kituo kipate kipokezi cha GPS chenye tundu la mpigo wa sekunde. Hata vile vya bei nafuu hutoa mpigo unaokosea kwa makumi ya nanosekunde tu, na katika nanosekunde 100 mawimbi ya redio husafiri mita 30, kwa hiyo kosa hilo si la kulikosesha mtu usingizi. Kilicho bora zaidi ni kipokezi cha GPS kinachodhibiti pia oscileta (kitengeneza mawimbi) ya 10 MHz, kwa sababu hapo unapata vitu viwili kwa mpigo mmoja: vituo vyote vinakubaliana kuhusu wakati, na vyote vinakubaliana kuhusu masafa. Oscileta ya ndani ya B210 ikiachwa peke yake huweza kukosea kwa sehemu 2 katika milioni. Kwenye 433.92 MHz hizo ni 868 Hz juu au chini, na vituo viwili vilivyokosea pande tofauti vitapishana kwa zaidi ya 1,700 Hz. Kipokezi kitalazimika kurekebisha masafa upya kila zamu inapobadilika, jambo linalowezekana lakini linalokula mwanzo wa kila ujumbe.

Kuweka saa ndani ya redio ni hatua ndogo yenye mtego. Mpigo wa sekunde husema tu kwamba sekunde mpya imeanza; hausemi ni sekunde ipi. Namba ya sekunde huja kwa njia nyingine, katika ujumbe wa maandishi ambao kipokezi cha GPS hutuma kwa kompyuta baada ya mpigo. Utaratibu sahihi ni kusubiri mpigo upite, kusoma ujumbe unaoufuata, kuongeza sekunde moja, kisha kuiagiza redio ijiwekee namba hiyo mpigo ujao utakapofika. Katika maktaba ya UHD, programu inayoendesha redio za USRP, agizo hilo ni set_time_next_pps. Kompyuta ikichelewa kidogo na agizo likavuka mpigo, kituo kitakuwa nyuma kwa sekunde moja kamili. Ikiwa mzunguko wako wa zamu ni sekunde moja, kosa hilo halionekani kabisa, kwa kuwa zamu zinaangukia palepale. Siku utakapoongeza mzunguko uwe wa sekunde mbili au nne, kituo hicho kitaanza kugongana na kingine kila mara, bila kukosa. Kwa hiyo baada ya kuweka saa, subiri mpigo mwingine, soma saa ya redio na ile ya GPS, uzilinganishe.

Mtego wa pili hutoka angani. Saa ya GPS imeitangulia ile ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, na kipokezi hujua tofauti hiyo kwa kuisoma katika ujumbe wa setilaiti ambao mzunguko wake mzima huchukua dakika 12.5. Kipokezi kilichowashwa kikiwa baridi kinaweza kutoa mpigo mzuri na namba ya sekunde isiyo sahihi mpaka ujumbe huo ukifikie. Dakika 13 za kusubiri baada ya kuwasha kwa mara ya kwanza si uvivu. Na kila mahali, katika mipangilio na katika kumbukumbu za vituo, tumia UTC: Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC na Kinshasa saa moja, na kompyuta iliyopangwa Kinshasa kisha ikaletwa huku itakuachia faili zenye saa za kubahatisha.

Kupima zamu na mwanya

Mzunguko wetu utakuwa sekunde moja, ukianza kwenye mpigo, na kila kituo kitapata milisekunde 250. Kampemba zamu ya kwanza, Ruashi ya pili, Annexe ya tatu, Kipushi ya nne. Swali la kweli ni ukubwa wa mwanya, yaani kimya kinachoachwa mwishoni mwa kila zamu.

Mawimbi ya redio hutumia mikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita. Ujumbe wa Kipushi basi hufika mjini mikrosekunde 100 baada ya kuondoka, wakati ule wa Kampemba hufika baada ya chache tu. Kwa kuwa Kipushi ni ya mwisho katika mzunguko, mkia wa ujumbe wake ndio utakaokanyaga kichwa cha Kampemba iwapo mwanya hautoshi. Jumlisha mikrosekunde 100 za kupandisha nguvu taratibu mwanzoni mwa zamu na 100 nyingine za kuishusha mwishoni, kosa la saa ambalo chini ya GPS halifiki mikrosekunde moja, na muda kidogo wa kipokezi kutulia. Hesabu yote haizidi mikrosekunde 400. Watu wengi hapa huweka mwanya wa mikrosekunde 500 na kujisifu kwa kubana. Mimi ningeweka milisekunde 2 nzima. Ni asilimia 0.8 ya zamu, na sababu ya ukarimu huo itaonekana GPS itakapopotea.

Milisekunde 248 zilizobaki, kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, zinabeba takriban baiti 297, kabla ya kutoa dibaji (biti za mwanzo ambazo kipokezi kinazijua) na msimbo wa kukagua makosa. Kwa vipimo vya mvua na volteji hizo ni nyingi kupita kiasi. Mwendo huo unaenea katika chaneli ya 25 kHz, kama AIS yenyewe inavyofanya.

GSM hutatua tatizo la umbali kwa namna nyingine: kituo cha mnara huiamuru simu iliyo mbali ianze mapema, kwa hatua za takriban mita 550 hadi kufikia kilomita 35. Unaweza kuiga hilo kwa kumwagiza wa Kipushi arushe mikrosekunde 100 kabla ya zamu yake. Hilo linafaa ikiwa msikilizaji ni mmoja tu. Ikiwa vituo vyenyewe navyo vinasikilizana, kumsogeza mmoja kwa ajili ya mji ni kumharibia mwingine, na mwanya mpana ndio jibu la haki kwa wote.

Kuandika mkupuo

Programu isitume sampuli mfululizo, itume mikupuo. Kila mkupuo una sampuli zake, wakati wa kuanza, alama ya mwanzo na alama ya mwisho. Katika GNU Radio alama hizo ni tx_time, tx_sob na tx_eob, na tx_time huandikwa kwa sehemu mbili, sekunde nzima kama namba kamili na kipande cha sekunde kama desimali, ili usahihi usipotee kwa namba kubwa. Kwa zamu ya Ruashi, kipande hicho ni 0.25 daima, kinachobadilika ni sekunde.

Sampuli zipelekwe kwenye redio mapema, tuseme milisekunde 50 kabla ya wakati wake, ili zisubiri ndani. Zikichelewa, UHD itaandika herufi L kwenye skrini na mkupuo utatupwa. Hilo ni jambo zuri: ujumbe uliopotea ni afadhali kuliko ujumbe uliotoka katika zamu ya mwenzako. Zikiisha katikati ya mkupuo kwa sababu kompyuta imezidiwa, utaona herufi U. Kompyuta ndogo inayotoa U mara kwa mara isilaumiwe haraka. Punguza kwanza kiwango cha sampuli. Kwa ujumbe wa biti 9,600, sampuli milioni moja kwa sekunde zinatosha na kubaki, tena zina faida kwamba kila sampuli ni mikrosekunde moja na hesabu zote za zamu zinakuwa namba nzima.

Alama ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye madhara makubwa. Mtu huona kwamba ili kunyamaza inatosha kutuma sifuri. Redio za aina hii hutengeneza wimbi lao katikati ya masafa yenyewe, na sehemu ndogo ya wimbi hilo la kati huvuja kwenda kwenye antena hata sampuli zikiwa sifuri tupu. Kituo kimoja kikivuja peke yake, hakuna anayejali. Lakini kumbuka zile desibeli 29.5: kituo cha karibu kinachovuja kwa desibeli 30 chini ya nguvu yake ya kawaida hufika kwenye kipokezi kikiwa karibu sawa na Kipushi inayosema kwa sauti yake yote. Vituo vitatu "vilivyonyamaza" kwa sifuri vinaweza kumfunika wa nne kabisa. Alama ya mwisho huiambia redio ifunge njia ya kurusha, si kutuma sifuri tu, na ikiwa una kikuza nguvu cha nje, kizimwe nacho kwa pini za GPIO (pini za redio za kuamuru vifaa vya nje) zinazofuata hali ya kurusha. Wapo wanaoshauri kulisogeza wimbi la kati kando kwa kutumia tofauti ya masafa ndani ya programu. Hiyo ni kufagia takataka na kuzisukumia uani kwa jirani. Huko kando kuna mtu mwingine mwenye kibali chake.

Mkupuo usianze wala kukoma ghafla. Nguvu ikiruka kutoka sifuri hadi juu kwa sampuli moja, mawimbi yake hutapakaa nje ya chaneli. Zidisha sampuli 100 za mwanzo kwa mkunjo wa kosaini unaopanda kutoka 0 hadi 1, na 100 za mwisho kwa mkunjo huohuo ukishuka.

Mezani

Weka redio mbili za kurusha na moja ya kupokea juu ya meza moja, na uziunge kwa waya kupitia kiunganishi cha njia mbili kuingia moja. B210 hutoa zaidi ya 10 dBm (desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1), na mtengenezaji wake hataki iingizwe zaidi ya -15 dBm. Funga kipunguza nguvu cha desibeli 30 kwenye kila redio ya kurusha na kingine cha desibeli 30 kwenye mlango wa kupokea. Fanya hivyo kabla ya kuwasha umeme. Kipokezi kilichoungua hakitoi onyo, kinakuwa kiziwi tu.

Wape wote watatu mpigo na 10 MHz kutoka chanzo kimoja. Kipokezi kirekodi sekunde chache, kisha tafuta dibaji ya kila mkupuo kwa kulinganisha rekodi na dibaji unayoijua. Mahali ulinganifu unapofika kileleni ndipo dibaji ilipoanza. Zamu ya pili inaanza kwenye sampuli ya 250,000 baada ya mpigo. Ukiipata dibaji, tuseme, kwenye 250,036, hizo 36 ni ucheleweshaji wa vichujio na saketi za redio zote mbili, ya kurusha na ya kupokea. Rudia mara nyingi. Namba yenyewe haina umuhimu mkubwa. Muhimu ni kwamba isibadilike kutoka mkupuo hadi mkupuo, wala kutoka siku hadi siku baada ya kuzima na kuwasha. Ikicheza kwa mamia ya sampuli, muhuri wa saa hautumiki na programu inarusha kwa wepesi wa kompyuta. Redio za aina mbili tofauti zitakuwa na namba tofauti. Andika tofauti hiyo katika jedwali la kituo na uipunguze kwenye tx_time.

Kisha ondoa chanzo kimoja cha saa na uipe kila redio GPS yake. Namba zikibaki palepale, kwa tofauti ya sampuli moja, uko tayari kutoka nje.

Vituoni

Tatizo la kila siku la vituo hivi si mawimbi, ni umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata na kurudisha, kompyuta huwaka upya, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, kwa hiyo huamka ikidhani ni wakati ilipozimwa. Kanuni ya programu iwe moja isiyo na ubishi: kituo hakirushi chochote mpaka GPS imeshika, saa imewekwa kwenye mpigo na imehakikiwa. Kanuni hiyo isiachwe kwa fundi aliyeko kituoni aikumbuke. Iandikwe ndani ya programu, na njia ya kikuza nguvu ifungwe kwa kawaida, ifunguliwe na programu tu baada ya masharti hayo kutimia.

GPS nayo hupotea, kwa antena iliyofunikwa au waya uliolegea. Hapa ndipo zile milisekunde 2 za mwanya zinapolipa. Oscileta yenye kosa la sehemu 2 katika milioni husogea mikrosekunde 2 kila sekunde, na vituo viwili vilivyopoteza GPS na kusogea pande tofauti hukaribiana kwa mikrosekunde 4 kila sekunde. Kati ya mikrosekunde 2,000 za mwanya, 400 zina kazi yake. 1,600 zilizobaki zinaisha baada ya sekunde 400, chini kidogo ya dakika saba. Agiza basi kituo kinyamaze chenyewe dakika tano baada ya kupoteza GPS. Kwa mwanya wa mikrosekunde 500 kingepaswa kunyamaza baada ya sekunde 25, na kituo cha namna hiyo kingekuwa kimya nusu ya siku.

Mjini, pembeni ya kipokezi kikuu, acha RTL-SDR, redio ndogo ya kupokea tu ya bei ndogo, ikionyesha picha ya mawimbi kwa muda. Katika picha hiyo zamu nne huonekana kama vipande vinne vilivyopangwa vizuri, na mgongano huonekana kama kipande kirefu kuliko kawaida. Bila picha hiyo mgongano ni mgumu kuugundua, kwa sababu kipokezi cha mawimbi yanayobadilishwa masafa humshika mwenye nguvu na kumfuta dhaifu bila kuacha alama. Ukiambiwa kwamba Kipushi imenyamaza, usipande gari kwanza. Tazama kama katika zamu ya nne hakuna mtu mwingine.

Kuongeza kituo cha tano

Siku itafika mtu atataka kituo Likasi au mtaa mwingine. Mzunguko ukigawanywa upya katika sehemu tano za milisekunde 200, vituo vyote vitano lazima vibadilike kwa wakati uleule, la sivyo kwa dakika chache kutakuwa na jedwali mbili hewani. Kila jedwali la zamu liwe na namba ya toleo na sekunde ya UTC ambapo linaanza kutumika, na lipelekwe kwa vituo mapema, kwa saa kadhaa. Kituo ambacho hakijapokea toleo jipya sekunde hiyo inapofika kinyamaze na kuomba. Ili kiweze kuomba, tenga mapema zamu moja ya wazi katika mzunguko, ambamo yeyote asiye na zamu anaruhusiwa kujaribu bahati yake kwa kanuni ya ALOHA, asilimia 36.8 inatosha kwa kazi hiyo. Na kwa Likasi, iliyo mbali zaidi ya kilomita 100, hesabu ya mwanya ifanywe upya kuanzia mikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita, kisha kanuni ya dakika tano irekebishwe kulingana na kitakachobaki.